Mbwa Mahututi na Hukumu ya Najisi

Huko Hertfordshire, Uingereza, chuo cha utabibu wa wanyama kina hospitali yenye chumba cha mahututi. Mbwa aliyegongwa na gari huangaliwa humo usiku na mchana: hutiwa maji kwa mshipa, hupewa damu ya mbwa mwenzake, na akishindwa kupumua mashine humpumulia. Gharama yake ni kubwa. Wengi wetu wakisikia husema, "Wazimu huu! Na mbwa mwenyewe najisi."

Najisi ni mlango mwingine. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, basi. Uchungu wa mbwa haumo katika mlango huo. Na wanavyuoni wa madhehebu hayo hayo wamesema: mwenye maji ya kutawadha tu, na mbele yake pana mbwa wa ulinzi au wa kuwinda anayekufa kwa kiu, amnyweshe mbwa, kisha yeye atayamamu. Maji ya sala, jamani!

Israfu je? Mali ikiwa ni ya deni la watu au ya chakula cha watoto, haifai kutolewa huko. Lakini mimi uzito nauona kwenye ile mashine. Aliyemtibu mbwa siku tatu akainuka akatembea, amefanya ihsani. Yule anayemwacha mnyama ahangaike bila tamaa ya kupona, kwa kuwa yeye hawezi kuagana naye, anamhurumia nani? Tabibu amwulize hilo kabla ya kumtajia bei.