Kipuri na Shahada Yake

Je, kitu chema huwa chema kwa dhati yake, au kwa kuwa kimeshuhudiwa kuwa chema? Swali hili la kale laonekana kama mchezo wa wanafalsafa mpaka liwekwe mahali ambapo roho ya mtu yalitegemea. Nataka kuliweka katika uwanja wa ndege wa Songea.

Tuseme imetua hapo ndege ndogo ya injini moja, ya aina zilizoundwa Marekani katika miaka ya 1960. Ndege za namna hii zimeitumikia Afrika ya Mashariki kwa muda mrefu, zikichukua waganga, wagonjwa na barua mahali ambapo njia za nchi kavu ziliziba kila masika. Kabla ya kuondoka, fundi aona ufa katika kipande cha chuma cha mguu wa gurudumu, kisichozidi kiganja. Mgonjwa amekwisha kuletwa. Mjini yupo mhunzi awezaye kukipima kipande kile, kuchonga kingine mfano wake, na kukikabidhi kabla ya jua kuchwa. Lakini sheria yamzuia. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, kila dola yawajibika kwa uzima wa ndege zilizoandikishwa kwake, na katika Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kipuri hakina ruhusa ila kiwe na hati ya kueleza kilikotoka na kanuni iliyofuatwa katika kukiunda. Na ndege ikiwa kongwe, hati yaweza kuwa adimu kuliko chuma chenyewe. Cessna iliacha kuunda ndege zake ndogo za pistoni mwaka 1986, ikakaa miaka kumi hivi kabla ya kuanza tena. Aina nyingine, kama ile ya 185, hazikurudi kabisa.

Mhunzi ana hoja. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Naye auliza, je, aliyeunda cha kwanza hakuwa mwanadamu kama yeye? Kama chuma ni kile kile, na kipimo ni kile kile, na ustadi ni ule ule, karatasi yaongeza nguvu gani? Hapana karatasi iliyopata kubeba uzito wa ndege. Tena kuchelewa nako huua, ingawa anayekufa kwa kungoja haandikwi katika daftari la ajali.

Hoja hii ni nzito, lakini imejengwa juu ya neno "kama". Jicho halioni ndani ya chuma. Vyuma viwili vyaweza kuwa pacha kwa umbo na rangi, kimoja kimepikwa motoni kwa kadiri yake na kingine hakikupikwa. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya abiria iliyoundwa mwaka 1953, ikitoka Oslo kwenda Hamburg, ilianguka baharini karibu na Denmark. Watu wote 55 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba baadhi ya vyuma vilivyoshika pezi la wima la mkia vilikuwa bandia, visivyo na ugumu uliotakiwa. Kosa lilikuwa ndani.

Songea haihitaji kufundishwa jambo hili na Ulaya. Katika Vita vya Majimaji, vilivyoanza 1905, watu waliahidiwa kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi. Ushujaa wao hauna shaka, na haki ya vita vyao haina shaka; lakini ahadi ile ilipata jaribio lake la kweli juu ya miili yao. Lisilojaribiwa kabla hujaribiwa baadaye, na gharama yake hulipwa na asiyeweza kurudi kudai.

Basi je, karatasi ndiyo kweli? La. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba vipuri vya injini za ndege vilikuwa vimeuzwa kupitia kampuni moja ya London vikiwa na hati za kughushi. Shahada ni kauli ya shahidi, na shahidi aweza kusema uongo. Thamani ya hati si wino wake, bali ni kwamba nyuma yake yuko mtu aliyepima, anayejulikana, na awezaye kuulizwa.

Hapo ndipo napata jibu. Wema wa kipuri umo katika chuma. Haki ya kumpandisha mtu mwingine juu ya chuma hicho imo katika ushahidi. Mhunzi aweza kujua. Abiria hawezi, naye hakuulizwa. Mgonjwa yule ana haja kubwa, lakini haja yake haiwezi kukiongezea chuma ugumu. Kipuri cha mhunzi kisifungwe leo.

Hata hivyo sheria nayo ina deni. Marekani humruhusu mwenye ndege kuunda kipuri cha ndege yake mwenyewe, mradi akifuata kanuni zilizothibitishwa. Na Ulaya, kwa ndege ndogo, humwachia mwenyewe kuchukua dhima ya vipuri ambavyo kuvunjika kwake hakuhatarishi maisha. Hiyo ni hekima ya kupima dhima kwa uzito wa hatari. Mlinzi wa mlango amwambie fundi wa Songea ni jaribio gani litamfungulia, na wapi, na kwa muda gani. Sheria inayokataa bila kuonyesha njia humfunza mtu mwaminifu hila, na siku atakapojifunza hila, karatasi zote zitakuwa safi na ndege zote zitakuwa na mashaka.