Fundi Aliyejazwa Roho



Tukisoma Kutoka sura ya 31 tunaona Bwana akimwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina lake na kumjaza Roho. Sisi tumezoea kudhani Roho huwashukia manabii na wahubiri tu. Hapa anamshukia fundi, apate kukata vito na kuchonga miti. Bezaleli hakuwa kuhani. Hatuelezwi kwamba alihubiri hata siku moja.

Wenzetu Wakatoliki wanao watu wa namna hiyo, nao huwaita mabruda. Wameweka nadhiri lakini si mapadre. Hawaongozi Misa wala hawaungamishi. Katika Kanada ya kaskazini mabruda wa shirika la Waoblati walipasua kuni, wakavua samaki, wakaendesha mashua na kujenga nyumba. Mmoja wao, Bruda Maurice Larocque, alikuwa seremala. Hakusomea usanifu wa majengo, lakini ndiye aliyebuni na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mama Yetu wa Ushindi katika mji wa Inuvik, lililofunguliwa mwaka 1960.

Inuvik ni mbali sana. Kila mwaka, kuanzia Desemba, jua halichomozi kwa muda wa mwezi mzima hivi. Chini ya udongo kuna barafu isiyoyeyuka, nayo ikipata joto la nyumba ardhi hulegea na ukuta huinama. Kwa hiyo majengo mengi ya mji ule yamesimama juu ya nguzo. Bruda Larocque alifuata njia nyingine: alilaza zege lenye umbo la bakuli juu ya changarawe, na juu yake akainua kanisa la mbao, la mviringo, jeupe, mfano wa nyumba ya theluji ya Wainuit. Lingali limesimama. Nasi tunao mafundi wanaopanda juu ya paa la kanisa Jumamosi, na Jumapili hakuna anayewataja. Wao nao ni watu wa Bezaleli.

Lakini habari za Inuvik haziishii hapo, na si haki tuzikate mahali penye utamu.

Katika mji huohuo, mwaka 1959, yalifunguliwa mabweni mawili ya watoto wa shule. Grollier Hall lilikuwa la Wakatoliki. Stringer Hall lilikuwa la Waanglikana, ndugu zetu kabisa. Watoto walikaa humo mbali na wazazi wao, na wengi walipotewa na lugha ya nyumbani. Baadhi ya watu wazima waliofanya kazi Grollier Hall walitiwa hatiani mahakamani kwa kuwanajisi watoto waliokabidhiwa kwao. Tusiharakishe kuwanyoshea Wakatoliki kidole. Tarehe 6 Agosti 1993 Askofu Mkuu Michael Peers, mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kanada, aliwaomba msamaha wenyeji wa nchi ile kwa sababu ya shule za bweni ambazo Kanisa letu liliziendesha. Papa Fransisko naye alifika Kanada Julai 2022, akaomba msamaha.

Tena makosa hayo yaliitwa utumishi. Wengi waliofanya kazi katika mabweni yale waliacha kwao, wakavumilia baridi na giza, wakaamini wanamtumikia Bwana. Taabu ya mtumishi peke yake haithibitishi lolote. Bwana wetu alipowaambia wanafunzi, katika Mathayo 20, kwamba amekuja kutumika, alikuwa njiani kuutoa uhai wake. Watoto wa watu hakuwachukua. Basi sisi tunaofundisha watoto Jumapili, tunaolea yatima, tunaosimamia mabweni ya shule, na tumwulize mtoto mwenyewe anaonaje utumishi wetu, kisha tunyamaze tumsikie, hata akisema neno gumu juu ya mtu tunayemheshimu.

Ndani ya kanisa lile la mviringo zimo picha za Njia ya Msalaba. Mchoraji wake ni Mona Thrasher, binti wa wenyeji wa kaskazini. Waabuduo humtazama Bwana wao akielekea Kalvari jinsi mkono wa mwenyeji ulivyomwona.