Tumbusi Hana Wapambe

Rafiki zangu wengi wanapenda ndege. Ukichungulia simu zao utakuta heroe wa Ziwa Natron wamelitandaza rangi ya waridi ziwa zima, utakuta korongo taji na vile vinyoya vyake vya dhahabu kichwani, utakuta chozi kifua kinametameta kama kimepakwa mafuta. Sina ugomvi na picha hizo, nami ninazo. Lakini sijawahi kukuta tumbusi kwenye simu ya mtu. Shingo kipara, mabega yamekunjamana kama koti la kuazima, na akila anazamisha kichwa chote ndani ya mzoga. Kwetu ukimwita mtu tumbusi umemtukana: ni yule anayehesabu mali ya marehemu kabla matanga hayajaanuliwa.

Swali linalonisumbua ni jepesi kuliuliza. Tunapoambiwa tuwalinde ndege kwa kuwa ni wazuri, asiye mzuri tunamfanya nini?

Wapo watakaosema uzuri ni suala la jicho, na kwamba tumbusi naye ni mzuri akiwa angani. Ni kweli. Anaweza kukaa hewani kwa saa nyingi bila karibu kupiga bawa, akibebwa na joto linalopanda kutoka ardhini. Mwaka 1973, juu ya Abidjan, tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria kwenye kimo cha takriban mita 11,300. (Kiswahili kina utani wake: ndege kwa ndege.) Hata hivyo utetezi huu naona unakwepa swali. Unamtafutia tumbusi uzuri ili aingie kwenye orodha, badala ya kuuliza nani aliiandika orodha hiyo, na kwa kipimo gani.

Basi tujaribu hoja ya pili, ile ya faida. Hapa tumbusi anashinda bila jasho. Tindikali ya tumbo lake ni kali kiasi kwamba anameza nyama yenye vijidudu vya kimeta na haimdhuru. Watafiti waliofanya majaribio nchini Kenya waliona kwamba mizoga isiyofikiwa na tumbusi ilichukua karibu mara tatu ya muda wa kawaida kuisha, na wanyama kama fisi na mbweha wakazidi kukusanyika na kukaa hapo kwa muda mrefu. Mahali wanapokusanyika wanyama wengi ndipo magonjwa yanapopokezana.

India ndiyo iliyolipa ada ya somo hili. Tumbusi wa mgongo mweupe wa kule walikuwa wengi mno, kisha kati ya mwaka 1992 na 2007 wakapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Pakistan walitangaza jibu: diklofenaki. Ndiyo, hiyohiyo bibi yako anayomeza magoti yakimuuma. Wafugaji waliwapa ng'ombe wao wazee ili kuwapunguzia maumivu; ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi wakamla, figo zao zikashindwa kufanya kazi, na viungo vyao vya ndani vikafunikwa na kitu cheupe mfano wa chokaa. Mbwa wa mitaani wakairithi mizoga, wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Wanauchumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walikadiria mwaka 2024 kwamba kutoweka kwa ndege hao kulihusika na vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005. Hata Waparsi wa Mumbai, jamii ambayo kwetu Zanzibar ilimzaa Freddie Mercury, walijikuta maiti zao hazina wa kuzila kama desturi yao inavyotaka.

Katika kisa hicho sioni mtu mbaya. Kuna mkulima aliyemwonea huruma ng'ombe wake. Huruma hiyo ndiyo iliyomaliza ndege kwa mamilioni, kwa sababu ilikuwa na macho ya kumwona ng'ombe tu.

Na bado hoja ya faida hainitoshi. Kwanza inakuja imechelewa: faida ya tumbusi wa India ilipigiwa hesabu alipokwisha kufa. Pili, ina upanga upande wa pili. Kwelea kwelea anakula mtama wa maskini, naye kwa hoja hiyohiyo hana wakili. Na kesho mtu akibuni mashine ya kufukia mizoga, je, haki ya tumbusi ya kuishi itaisha siku mashine itakapowashwa? Moyo wangu unakataa. Ninachoamini ni kwamba yule ndege hakuwahi kuajiriwa na sisi. Ana maisha yake, kiota chake, yai moja tu kwa mwaka, na sisi ndio tulioingia kwenye maisha hayo tukiwa na sumu mkononi. Mwenye uwezo wa kuangamiza ana wajibu ambao mwenzake asiye na uwezo huo hana.

Ni rahisi kuyaandika haya nikiwa nimekaa mjini. Barani Afrika sumu ina wenyewe, na si wote ni majangili. Majangili wanafahamika: tumbusi wakizunguka angani wanamwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa, hivyo majangili wanaupaka mzoga sumu ili kuwanyamazisha. Botswana, mwaka 2019, walikufa zaidi ya 500 kwa mkupuo mmoja. Tumbusi hutazamana angani. Mmoja akishuka, wengine wanamfuata kutoka mbali, na ndiyo maana mzoga mmoja unaweza kuua ukoo mzima. Mwaka 2015 spishi nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa kwa pamoja kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini.

Lakini yupo pia mfugaji. Mzee mmoja wa upande wa Longido, baada ya shikamoo na habari za mvua, alinisikiliza nikimweleza habari za mizoga inayotiwa dawa ya wadudu ili kumuua simba. Hakunikatiza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, simba akila ng'ombe wangu usiku, asubuhi nani ananilipa? Huyo ndege?"

Sikuwa na jibu, na sidhani lipo jibu la maneno matupu. Serikali yetu ina kitu kiitwacho kifuta jasho kwa walioharibiwa mali na wanyamapori. Jina lenyewe lina ukweli fulani: jasho litafutwa, ng'ombe harudi. Ukimwambia mzee yule kwamba ndege ni wazuri, unamwomba agharamie mapenzi yako. Ukimwambia wana faida, atakuuliza faida hiyo inaingia kwenye boma la nani.

Simanjiro wamelishughulikia jambo hili kwa mikono. Wanapanda kuzunguka boma miti ya porini inayoota upesi kutoka kwenye vijiti, wanaifanya nguzo, wanafunga wavu wa chuma kati yake. Miti inakua, ukuta unazidi kuwa mrefu, simba anazunguka nje na kuondoka. Ng'ombe akilala salama, mwenye boma hana sababu ya kutafuta sumu, na tumbusi aliye juu hatajua kamwe kwamba wavu ule ulimhusu. Wavu unauzwa kwa fedha. Nimemuuliza rafiki yangu mwenye picha nyingi zaidi za heroe kama angechangia mita moja. Bado hajanijibu.