Ufunguo Mmoja, Kufuli Sita
Somo: Nehemia 13:4-14

Ndugu zetu wa malori mtanisaidia hapa. Lori lenye trela likitoka Nairobi kuja Garissa lina kufuli ngapi? Tuhesabu: mlango wa nyuma, tangi la dizeli, spea, kisanduku cha spana, mnyororo wa turubai, na ile inayozuia trela isivutwe na kichwa kingine ikiachwa peke yake. Sita. Ukiwa na funguo sita, usiku pale Mwingi utazijaribu moja moja, tochi mdomoni. Ndiyo maana kuna wanaonunua kufuli za seti, zile ambazo pini za ndani zimepangwa sawasawa, ufunguo mmoja unafungua zote. Ni kitu kizuri. Mimi nilisoma biashara, napenda chochote kinachookoa muda.

Lakini angalia. Dereva amechoka, spana inatakikana. Anamrushia taniboi ufunguo: "Fungua kisanduku." Kwa mawazo yake amempa kisanduku tu. Kwa kweli amempa dizeli, spea na magunia yote ya mchele yanayoenda Dadaab. Sisemi taniboi ni mwizi. Wengine ni waaminifu kuliko mabosi wao. Nasema ufunguo haujui umetumwa wapi. Na fundi wa kuchonga funguo hahitaji nusu saa.

Twende Yerusalemu. Ukuta umekwisha, malango yana kufuli na makomeo, soma sura ya 3. Tobia, yule aliyeucheka ukuta ulipokuwa ukijengwa, yuko nje. Halafu Nehemia anarudi kwa mfalme, mwaka wa 32 wa Artashasta. Akija tena anamkuta Tobia wapi? Ndani ya nyumba ya Mungu, na chumba chake kikubwa! Hakuruka ukuta. Hakuvunja lango. Kuhani Eliashibu, msimamizi wa vyumba vya hazina, alikuwa na ujamaa naye, akampa chumba kimoja. Kimoja tu, mpendwa. Biblia haitaji ufunguo hapa, lakini tunajua ulikuwa mkononi mwa nani.

Na hicho kimoja kilikuwa cha nafaka, divai na mafuta ya Walawi. Walawi wakakosa posho, wakakimbilia mashambani, ibada ikasimama. Adui alipewa chumba, akagusa nyumba nzima.

Wewe je? Kuna baba amefunga kila mahali. Hanywi, halali nje, Jumapili yuko kiti cha mbele. Ila kuna kamari kidogo kwenye simu, shilingi 50 tu. Ndugu, ni simu ile ile yenye karo ya watoto. Ni namba ya siri ile ile inayotoa pesa za chama. Unadhani umempa shetani kisanduku cha spana?

Nehemia hakuitisha kikao na Tobia. Alitupa vyombo vyake nje, akaamuru vyumba visafishwe, akarudisha sadaka mahali pake. Halafu akafanya jambo ambalo huwa tunalipita haraka, aya ya 13. Aliweka watunza hazina wanne: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia. Si watu wa ofisi moja. Mwenye kuandika yuko, mwenye kubeba yuko, na wanaonana. Darasani tulifundishwa hivyo kama kitu kipya, kumbe Nehemia alishakifanya.

Kwa hiyo, kuanzia Jumapili hii sanduku la sadaka litakuwa na kufuli mbili zisizofanana. Ufunguo mmoja utakaa kwa mweka hazina, wa pili kwa mama mmoja wa kamati atakayechaguliwa na akina mama wenyewe. Mchungaji hatakuwa na ufunguo. Mimi pia sitakuwa nao. Wenye swali, tuonane baada ya maombi ya Jumatano.