Je, Mwenye Saa Ndiye Mwenye Wakati?

Ndugu mmoja wa darsa yetu, alipoiona saa tuivaayo mkononi, alituuliza mbele ya wenziwe: "Saa hiyo ni pambo au ni chombo? Na ikiwa ni chombo, imekufaeni nini katika dini yenu na kazi yenu?" Tulicheka siku ile, tukamjibu kwa haraka ya kwamba ni chombo. Lakini swali halikututoka, na kila tukilirejea twaona jibu letu lilikuwa jepesi kuliko saa yenyewe. Basi tumeona bora tuliandike, kwani wengi katika watu wetu wa mwambao wavaa saa za namna hii, na wengi wao, kama sisi, kazi zao zawapeleka bara.

Saa yenyewe ni kronografu ya kwatsi, na kasha lake na mkanda wake ni wa titaniamu. Tumeivaa kila siku kwa miaka minne, Mombasa na safarini, khasa katika miji ya Kitale na Bungoma tuendako kununua mahindi. Titaniamu ni madini ya rangi ya kijivu, na uzito wake wazidi kidogo tu nusu ya uzito wa chuma cha pua. Haishiki kutu kwa jasho wala kwa maji ya bahari. Alfajiri ya Kitale, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,900, chuma cha kawaida huuma mkono kwa baridi, nayo haiumi. Aibu yake ni moja: hukwaruzika upesi. Jina lake si geni pwani, kwani mchanga wa Kwale ulichimbwa kwa ajili ya madini hayo, ukapakiwa melini Likoni tangu mwaka 2014, hata uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Ijapokuwa sehemu kubwa ya titaniamu ya duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta, na kidogo tu ndicho kifanywacho vyombo.

Ama juu ya uhalali wa kuivaa, hapana shida. Kilichokatazwa wanaume ni dhahabu, na titaniamu si dhahabu. Hata katika zile saa zenye rangi ya dhahabu, ziko zilizopakwa titaniamu iliyoungwa na naitrojeni, nayo hung'aa kama dhahabu na dhahabu haimo. Mwenye kuivaa hana dhambi ya dhahabu, ingawa twamshauri ajiulize kwa nini alitaka kudhaniwa kuwa anayo.

Shida iko kwenye wepesi wake. Saa nzito hujikumbusha yenyewe, hii husahaulika. Si mara moja tumetawadha, tukamaliza kuosha mikono, na maji hayakufika chini ya mkanda uliobana, tukakumbuka tumekwisha kusimama katika safu. Ilitubidi kutoka, kurejea bombani na kuanza upya, na watu wakitutazama. Tangu hapo twaivua na kuitia mfukoni kabla ya kufungua maji. Jambo dogo, lakini sala yategemea mambo madogo kama hilo.

Tuje kwenye lile tulilokuwa tukijifakhari nalo, nalo ni usahihi wake. Ndani yake mna kipande cha jiwe la kwatsi kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili. Umeme wa betri hukitetemesha mara 32,768 kwa kila sekunde moja, na mtambo mdogo huigawanya hesabu hiyo kwa mbili, tena kwa mbili, mara kumi na tano, hata libaki pigo moja tu, ndilo lisukumalo mshale. Saa ya kwanza ya mkononi ya namna hii iliyouzwa madukani ilitolewa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, ikiitwa Seiko Astron, kwa yeni 450,000, bei ya motokaa. Leo kila mchuuzi anaweza kuvaa saa ya kwatsi, nayo haipotei ila kadiri ya sekunde kumi na tano kwa mwezi. Na kronografu huzidi kwa vibonye viwili ubavuni: ukibonyeza cha juu mshale huanza kuhesabu, ukibonyeza tena husimama, na cha chini huurudisha mwanzo.

Katika Ramadhani ya mwaka 2024 tulikuwa Bungoma. Ilikuwa mwezi wa Machi, mvua zimeanza, na mbingu imefunikwa na wingu zito tangu alasiri. Mfukoni tulikuwa na ratiba ya futari tuliyotoka nayo Mombasa, na mkononi saa isiyokosea. Dakika ilipofika tulisema Bismillahi, tukala tende, tukanywa maji. Mwenyeji wetu, mtu wa huko huko, alikuwa nje akifunga ng'ombe. Aliporudi akatukuta twatafuna, akashangaa, asiseme kitu kwa heshima ya ugeni. Haukupita muda wingu likapasuka upande wa magharibi, na jua hilo, limesimama juu ya miti, likatupiga usoni.

Saa yetu haikukosea hata sekunde moja. Tuliokosea ni sisi. Mombasa iko mashariki ya Bungoma kwa nyuzi tano na kidogo, na jua huzikata nyuzi hizo kwa dakika ishirini. Kitale ni kama dakika kumi na tisa. Hayo ni katika siku ambazo usiku na mchana ni sawa, kama ilivyokuwa Machi ile. Mwezi wa Juni tofauti ya magharibi yakaribia nusu saa, na Desemba hupungua ikawa dakika kumi hivi, kwa kuwa Mombasa iko kusini ya mstari wa ikweta na miji hiyo iko kaskazini yake kidogo. Kwa hiyo haitoshi hata kuongeza dakika ishirini kwa mwaka mzima, kama wafanyavyo baadhi ya wasafiri.

Tena kuna lingine ambalo wengi hatulifikiri. Saa rasmi ya Kenya imefungwa kwenye nyuzi 45 za mashariki, mstari upitao Somalia, karibu na Mogadishu. Mshale unapoonyesha saa sita ya mchana Kitale, jua la Kitale bado lina dakika arubaini hivi, kwa wastani, kabla ya kufika utosini. Wazee wetu wa pwani walihesabu saa tangu jua kuchwa, na mtu akienda mji mwingine aliiweka saa yake upya kwa jua la mji ule. Hatusemi turudi huko. Reli na benki haziwezi kuendeshwa hivyo. Twasema tu kwamba wao walijua saa hufuata nini, na sisi twasahau.

Hapa ndipo tulipoanza kupambanua maneno mawili tuyasemayo kila siku kana kwamba ni moja, muda na wakati. Muda ni urefu: toka hapa hata pale ni dakika kadha wa kadha, na chombo chochote kizuri kitaupima. Wakati ni kitu kilichowadia, nao una mwenyewe. Wakati wa magharibi ni wa jua la mahali ulipo. Wakati wa deni ni wa mdai. Kronografu yapima muda kwa ustadi wa ajabu, lakini haijui wakati wa nani umefika.

Tungeweza kuishia hapo tukaonekana tumejifunza. Lakini mwaka ule ule, Kitale, tulipakia lori la mahindi, na wachukuzi sita walikuwa kazini. Kwa mchezo tu tulibonyeza kibonye gunia la kwanza lilipoinuliwa. Magunia ishirini ya kwanza yalipanda kwa dakika kumi na moja. Ishirini ya pili kwa dakika kumi na sita. Mchezo ukawa hoja. Tuliwaambia wamelegea, tukawaonyesha mshale, na mmoja wao alipokaa kunywa maji tulitazama mkono wetu mbele yake makusudi ili aone kwamba twatazama. Kazi ikaisha. Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa za dereva na mafuta, basi tukawaambia wachukuzi, "Kesho, inshallah." Kesho tulikuwa Bungoma, kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa. Tuliwalipa siku ya tatu.

Mzee katika wao alipokea fedha zake, akazihesabu, akauliza kwa upole: "Sheikh, na hii siku tatu, ile saa uliibonyeza?"

Hatukuwa na jibu. Mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya ujira wa mfanyakazi yajulikana na kila mtoto wa chuoni, nasi tuliyasoma kabla ya kujua kusoma saa. Muda wa jasho lao tuliupima kwa sehemu za sekunde. Muda wa haki yao tuliuacha upite bila ya kuhesabiwa na yeyote, ila wao wenyewe na wake zao waliongoja unga.

Tulipoyaeleza haya darsani, ndugu mmoja alisema: basi ivuliwe, iuzwe, na thamani yake itolewe sadaka. Rai hiyo twaiheshimu, lakini hatukuifuata. Mtu asiye na saa naye huchelewesha ujira, na huenda akaomba udhuru kwamba hakujua siku zilivyokwenda. Sisi udhuru huo hatunao tena, na hilo labda ndilo jibu la swali tulilolicheka: imetufaa kwa kutunyima udhuru. Ni faida chungu. Na bado hatuna hakika kwamba si pambo. Tulipokwenda harusini mwezi uliopita tulikunja mkono wa kanzu kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Siku ile ya Bungoma wengi wa wanavyuoni wasema hulipwa, na jambo kama hilo liliwatokea watu zama za Sayyidna Umar, wakafuturu siku ya mawingu, kisha jua likatokeza. Tuliilipa mwezi wa Shawwal, Jumatatu, tukiwa Kitale, na magharibi tuliingoja pamoja na muadhini wa pale, uani, macho yetu upande wa Mlima Elgon. Wachukuzi sasa hulipwa kabla ya lori kuwashwa. Hata hivyo jina walilotupa halijafutika. Tukitokea tu sokoni twawasikia wakiambiana, Bwana Dakika amekuja.