Samaki Wasiowajua Wazazi Wao

Katika vidimbwi vya bonde la Rufiji, liliko Mloka, huishi samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius. Kiangazi kikaushapo maji hufa wote. Mayai yao hulala udongoni yakingoja mvua. Ndugu yao wa Zimbabwe, furzeri, aliyepewa jina hilo mwaka 1971, huzeeka kwa miezi michache tu, na kwake wataalamu huchunguza jinsi ubongo unavyochakaa. Kazi hiyo twaisifu: kumpunguzia mzee usahaulifu ni huruma. Lakini akiongezewa miaka, nani atakayeketi naye barazani? Samaki huyu hatatujibu; aanguliwapo, wazazi wake wamekwisha kufa. Sisi wetu twawajua, na wengine twawaacha peke yao wangali na miaka sabini.