Je, ni halali kuvua samaki kwa mchezo?

Mtu akishuka ziwani Tanganyika usiku na taa yake kuvua ndagala, hatumwulizi sababu: atafuta kitoweo na fedha ya watoto. Lakini ziko nchi ambako watu wengi huvua siku ya mapumziko, bila njaa, na mara nyingi humrudisha samaki majini. Wengine kati yetu huwacheka. Afadhali tupime kwanza neno lenyewe.

Tuchukue mfano wa Australia. Katika milango ya mito ya pwani ya mashariki hukaa samaki anayeitwa huko kwa umbo lake: kichwa bapa. Hujifukia mchangani, macho tu yakitokeza, akingoja visamaki vipite. Wavuvi wajua saa yake. Maji ya bahari hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na yakishuka huvitoa visamaki mikokoni na kwenye mafungu ya mchanga mpaka penye kina. Hapo kichwa bapa hungoja, na hapo mvuvi hutupa kisamaki chake cha plastiki, akikirusharusha polepole karibu na mchanga. Twakiri kwamba mchezo huu wataka akili na saburi kuliko mingi tunayoisifu.

Nao mchezo si dhambi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili, na mchezo ni pumziko lake. Ila furaha isitafutwe katika tendo la aibu au la kudhuru. Basi, samaki je?

Sheria ya jimbo la Queensland yasema: asiyefika sentimeta 40 arudishwe, anayezidi 75 arudishwe pia, wala mtu asiwe na zaidi ya 5. Kwa nini kumwachia mkubwa? Kwa sababu wakubwa karibu wote ni majike, na jike kubwa hubeba mayai mengi mno. Ni sheria ya haki, maana yawafikiria watakaovua baadaye.

Lakini wako wanaomtafuta jike huyo kusudi, si wamle, ila wapigwe naye picha, kisha wamwachie. Nao hujiona wenye huruma kuliko anayepeleka wawili jikoni. Hapo sisi twakataa. Anayekula amepata chakula, na samaki hapatikani bila kukamatwa. Huyu mwingine ameyataka mapambano yenyewe. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba kichwani mwa samaki aitwaye trauti mna neva za kupokea madhara; tangu hapo wenye elimu wabishana kama samaki husikia uchungu kweli. Wabishane. Mwindaji asiyejua kama kichakani mna mnyama au mtu hatupi mkuki, na shaka hii, ingawa ni ndogo kuliko ile, ni shaka vilevile.

Watajibu: samaki akiachiwa huishi. Mara nyingi ni kweli, ndoana ikishika mdomo tu. Ikimezwa, ni habari nyingine. Tena jibu hilo lahusu kufa, halihusu kuumizwa.

Na jike kubwa likishika ndoana ya mtu aliyetafuta kitoweo? Hatuoni kosa. Asilitoe majini, aivute ndoana kwa koleo, au akate mshipi karibu na mdomo ikiwa imeingia ndani sana. Kisha atupe tena, akitafuta wa sentimeta 50.